Maswali mnayoniuliza kila mwaka kuhusu kupiga picha msimu wa jakaranda Nairobi

Kila mwaka ikifika Septemba mwisho mwisho hivi, meseji zinaanza. Mtu ameona picha nimeweka kwa stetasi, ile ya matatu imesimama kwa steji na paa lote limejaa maua ya zambarau, anataka kujua nilipigia wapi, na simu gani, na kama lazima ukuwe na pesa ya kwenda mahali. Nimejibu mmoja mmoja hadi nikaona wacha niandike yote pamoja. Silipwi kupiga picha, mimi ni mtu wa kupanda matatu asubuhi kutoka Umoja hadi tao na kurudi jioni, na picha zangu karibu zote ni za hiyo njia.

Kwani Nairobi kuna majira ya machipuko?

Yale ya Ulaya hapana. Huko wana misimu minne kwa sababu dunia imeinama kama digrii 23.5 na wao wako mbali na ikweta, kwa hivyo mchana wao unafupika sana wakati wa baridi alafu ukianza kurefuka, kuanzia Machi hivi, miti inaamka. Sisi tuko digrii moja na kitu tu kusini ya ikweta, mchana wetu ni masaa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima. Kinachotubadilishia maisha ni mvua na baridi. Kuna masika ya Machi hadi Mei, kuna ile baridi ya Juni hadi Agosti ambayo Julai unaeza maliza siku kadhaa mfululizo hujaona jua, alafu Septemba jua linarudi, jakaranda zinachanua, Oktoba vuli inaingia na nyasi zilizokuwa zimekauka kando ya barabara zinatoka kijani ndani ya wiki.

Hicho kipande cha kati ya mwisho wa Septemba na Novemba ndio mimi naita machipuko yetu. Watu wanaacha makoti nyumbani, wauza chai wanatoa mabenchi nje, watoto wanarudi kucheza kwa barabara jioni. Ni msimu kabisa, ni vile tu hatujaupa jina.

Jakaranda zinachanua lini hasa?

Kwa kawaida zinaanza Septemba ikielekea kuisha, Oktoba ndio zinajaa, Novemba zinamwagika chini. Haiji siku moja kwa mji wote. Kuna mti unaeza chanua wiki mbili kabla ya jirani yake, kwa hivyo ukikosa mmoja usikate tamaa, angalia ng'ambo ya barabara.

Ule mti mara nyingi unaangusha majani kwanza wakati wa ukavu ndio unachanua, na hiyo ndio sababu unaona zambarau tupu bila kijani. Majani yakisharudi picha inabadilika kabisa, inakuwa ya mchanganyiko, nayo ni nzuri pia lakini si ile. Na mvua kubwa ya usiku mmoja inaeza kuangusha karibu kila kitu. Mimi nikisikia mvua inapiga mabati saa nane usiku mwezi wa kumi najua kesho natoka nyumbani mapema, kwa sababu asubuhi barabara itakuwa zulia na saa mbili magari yatakuwa yameshaikanyaga yote ikawa uji.

Kuna mwenye aliniuliza kama ni mti wetu. Asili yake ni Amerika Kusini, Argentina na Bolivia huko, uliletwa hapa enzi za ukoloni ukapandwa kando ya barabara. Ukitaka kupanda leo mimi ningekwambia panda mti wa kienyeji, muhuti kwa mfano una maua mekundu ya kupendeza na ndege wanaupenda sana. Lakini hizo jakaranda zimeshasimama hapa zaidi ya umri wa wazazi wetu wengi, zimekuwa za Nairobi.

Nahitaji kamera ya aina gani?

Hiyo simu uko nayo mkononi. Nimepiga na Tecno miaka minne, saa hii niko na Samsung ya bei ya kati, na picha yangu watu wanayoipenda zaidi ni ya Tecno.

Kitu cha maana kuliko simu mpya ni kupanguza lensi. Simu inakaa mfukoni na funguo na mafuta ya mandazi, lensi inapata ukungu, alafu unalaumu kamera. Pangusa na kitambaa laini cha pamba kila ukitoa. Cha pili, usizumu kwa vidole, songa na miguu, manake zumu ya simu nyingi za kawaida inakata tu picha na kuipanua. Cha tatu washa ile mistari ya gridi kwa setingi, itakusaidia kuweka mti pembeni badala ya katikati kila saa. Basi.

Niende wapi?

Hili ndilo swali naulizwa zaidi na jibu langu la kwanza ni, usiende. Anza na steji yako. Ukipita mahali pamoja kila siku utajua saa ngapi mwanga unaingia kati ya zile ghorofa mbili, utajua mama wa mahindi anawasha jiko saa ngapi, utajua paka wa duka anakaa wapi. Mtu anaekuja mara moja na gari hawezi kupata hiyo picha hata akuwe na kamera ya laki tano.

Ukishafanya hivyo ukataka kutoka, haya ndio maeneo mimi naenda.

Jeevanjee pale Moi Avenue. Ni bustani ndogo lakini imejaa maisha, wahubiri, wazee wanasoma gazeti, watu wamelala kwa nyasi saa ya lanchi viatu vikiwa chini ya kichwa. Iko hapo tangu 1906, A.M. Jeevanjee ndiye alitoa hiyo ardhi kwa watu wa mji. Ukikaa dakika ishirini bila kutoa simu, watu wanakuzoea, alafu picha zinakuja zenyewe.

Uhuru Park na zile barabara zinazoizunguka, Kenyatta Avenue na Nyerere Road. Hapo kwa hii bustani mimi huwa nasimama kidogo kabla ya kupiga chochote. Mwaka wa 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa sitini ndani ya hiyo bustani, na Wangari Maathai ndiye alisimama akapinga hadi mpango ukaanguka. Alitukanwa sana. Leo unaona familia zimeketi kwa nyasi Jumapili na watoto wamepakwa rangi usoni, hizo picha zote ziko kwa sababu yake. Karura pia ni yeye na wenzake, 1998 na 1999 walipambana kule hadi wakapigwa, wakizuia msitu kugawanywa. Karura ni kama hekta elfu moja, ina maporomoko na mapango na njia za baiskeli, lakini kwa hii habari ya picha za kawaida mimi naipenda asubuhi tu, ukungu ukiwa bado uko kati ya miti.

Arboretum iko karibu zaidi ukitoka tao, unaeza fika kwa miguu kupitia State House Road ambayo yenyewe ina jakaranda kubwa kubwa (soma swali la askari kabla hujatoa simu hapo!). Ilianzishwa 1907. Iko na kiingilio, na kumbuka chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwa misitu na mbuga tangu Juni 2020, kwa hivyo beba maji kwa chupa yako ya kawaida.

Michuki Park pale karibu na raundabauti ya Globe, kando ya mto Nairobi. Watu wengi bado hawajaenda. Imepewa jina la John Michuki, yule yule waziri wa uchukuzi wa sheria za matatu za 2004, baadaye akiwa waziri wa mazingira alipambania huo mto usafishwe.

City Market, Muindi Mbingu Street, kwa wauza maua. Nunua hata shada dogo kwanza alafu uulize kama unaeza piga picha. Mitaa ya zamani ya Eastlands nayo, Jericho, Maringo, ina miti iliyokomaa katikati ya nyumba na kamba za nguo zimefungwa kutoka mti hadi mti, mimi kwangu hakuna mahali kuzuri kuliko hapo Jumamosi saa nne watu wakiwa wamefua.

Mbona jakaranda yangu inatoka bluu na si zambarau?

Hata mimi hii ilinisumbua sana. Kamera ya simu inajiamulia yenyewe mwanga ni wa rangi gani, na mara nyingi ukiwa kwa kivuli ama anga iko bluu nyuma, inakosea, ule wekundu kidogo ulio ndani ya zambarau unapotea. Fanya hivi. Gusa skrini pale kwa maua ndio simu ifokasi hapo, alafu shusha mwanga kidogo na kale kajua kanatokea kando, maua yakiwa na mwanga mwingi sana rangi inafifia. Kama simu yako iko na sehemu ya kubadilisha rangi ya mwanga, chagua ile ya kivuli ama ya mawingu, picha itapata joto.

Siku ya mawingu mepesi ndio rangi inatoka karibu kabisa na vile jicho linaona. Watu wanasubiri jua kali, na hapo ndio wanakosea.

Alafu tafuta kitu cha njano. Zambarau na njano zinapendana ajabu. Ule mstari wa njano wa matatu, ndoo ya maji, koti la mvua, maembe kwa mkokoteni. Weka kimoja tu ndani ya picha uone.

Saa ngapi mwanga ni mzuri?

Mwezi wa kumi jua linatoka kama saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi na linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Kwa sababu tuko karibu na ikweta jua linapanda wima na kushuka wima, halizunguki zunguki, kwa hivyo ule mwanga wa dhahabu hapa ni wa haraka, baada ya nusu saa hivi umekwisha, na likishazama giza linaingia upesi. Wenzetu wa kaskazini wanaweza kupika chai wakisubiri, wewe ukienda kutafuta chaja umekosa.

Saa sita hadi saa nane mchana ni ngumu. Mwisho wa Septemba jua linapita juu ya utosi kabisa kama saa sita na nusu hivi, kila mtu anapata kivuli cheusi chini ya macho. Hiyo saa mimi napiga vitu vya chini, maua yaliyoanguka, vivuli vya matawi kwa ukuta, ama naingia chini ya mti nielekeze simu juu, jua likipita kwa petali zinawaka kama karatasi ya taa.

Mvua ikinyesha nifungie simu ndani?

Aki usifungie. Vuli ndio picha. Lami ikilowa inakuwa kioo, taa za matatu zinajirudia chini, maua yamebandika kwa vioo vya magari, watu wamejazana chini ya baraza la duka moja wanaangalia anga na hawajuani lakini wameanza kuongea. Vidimbwi hata vya shimo la barabara, chuchumaa, weka simu karibu na maji kabisa, igeuze juu chini ndio lensi iwe karibu na uso wa maji, utapata mti mzima umelala ndani ya shimo.

Simu ikiwa haivumilii maji simama chini ya baraza. Na mahali maua yameloa kuna utelezi mbaya, nimeona watu wameanguka kwa ngazi za flaiova, angalia mguu kwanza ndio uangalie skrini.

Mbali na maua nipige nini?

Hapa ndio napenda sana, kaa chini.

Kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikishanyesha vizuri, jioni yake ama usiku unawaona wamezunguka taa ya geti, maelfu, na watoto wako chini na ndoo ya maji. Usitumie flashi, itakuonyesha mabawa matatu na giza. Egemeza simu kwa ukuta isitingike, tumia modi ya usiku, uache wapite mbele ya taa, watatoka kama nyuzi za mwanga. Asubuhi yake mabawa yamejaa kwa mlango, yamelowa, yanang'aa. Hiyo ya mabawa nimeipiga kila mwaka tangu 2019 na bado sijatosheka.

Maembe. Kuelekea Novemba yanaanza kujaa kwa mikokoteni, yamekatwa, chumvi na pilipili juu. Piga mikono. Mikono ya mtu anakata embe ina hadithi yote na hata huhitaji uso.

Watoto wamevaa maua ya jakaranda vidoleni kama kucha. Sisi tulifanya hivyo, wao wanafanya, sijui nani aliwafundisha.

Kwarara, wale ndege wa mdomo mrefu, wanapiga kelele saa kumi na mbili asubuhi juu ya paa. Korongo wale wakubwa wa pale uwanja wa Nyayo, wamesimama juu ya miti kama wazee wa kikao, na matatu zinapita chini. Gumbuti zimepangwa nje ya mlango. Nguo zinaanuliwa mbio mbio mawingu yakiingia, majirani wanasaidiana hata kama hawakuwa wanasalimiana wiki nzima. Kioo cha matatu kikiwa na ukungu na mtu amechora jina na kidole. Fundi wa viatu chini ya mti, anapangusa maua kwa meza yake kila dakika tano na yanarudi.

Hakuna hata kimoja hapo kinahitaji nauli ya ziada.

Nikitaka kupiga picha mtu, naombaje?

Salimia kwanza. Sio "sasa naeza kupiga picha", hapana, salimia kama mtu alielelewa. "Shikamoo mama, biashara inaendaje?" Nunua kitu kama anauza. Alafu sema ukweli, "hizi nyanya na haya maua yameanguka hapa zimenipendeza, naomba nipige picha ya meza yako". Wengi wanakubali wakijua ni kitu gani kimekuvutia. Akikataa sema asante uendelee, usipige ukiwa mbali baadaye, huo ni wizi. Wengi hawataki kwa sababu wamewahi kupigwa picha na mtu akaenda nayo wasiione tena.

Mimi nina kanuni yangu, nikipiga mtu karibu, naosha ile picha nampelekea. Studio ndogo ndogo za kuosha picha bado ziko tao nyingi. Sijaona kitu kinafurahisha mtu mzima kama picha ya karatasi. Shosho mmoja anauza sukuma karibu na kwetu nilimpelekea yake, akaiangalia muda mrefu, akaniambia hajawahi kuwa na picha akiwa kazini, zote alizonazo ni za harusi na matanga.

Na watoto wa wenyewe je?

Mzazi kwanza, mtoto pili, na kama mzazi hayuko usipige uso. Kupiga kwa nyuma wakikimbia kwa mvua, miguu kwa dimbwi, hapo sawa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha yako ya kubaki nyumbani haina shida lakini ukianza kuitumia kwa biashara ama kutangaza kitu lazima idhini, na ya mtoto ni ya mzazi ama mlezi. Mwaka wa 2023 shule moja ilipigwa faini ya zaidi ya milioni nne na nusu kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini hata bila sheria, huyo ni mtoto wa mtu.

Askari hawatanisumbua?

Kwa simu, ukipiga maua na marafiki, kwa kawaida hapana. Ukibeba stendi na kamera kubwa na mtu amevaa gauni, watakuuliza kibali, na wako na haki kuuliza. Lakini kuna mahali hupaswi kabisa kuelekeza kamera, Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi, na ndio maana nilisema ukipita State House Road piga mti na barabara ukiwa upande wa bweni za chuo, ukikaribia lile geti weka simu mfukoni. Kwa majengo ya watu na moli pia walinzi wanakataza, mwambie ni maua unapiga, akisema hapana ni hapana, ana bosi wake. Droni usijaribu kama huna leseni.

Nitanyang'anywa simu.

Inaeza tokea, siwezi kukudanganya. 2022 nilinyakuliwa yangu kwa dirisha la matatu kwa jamu, ilikuwa jioni, mwanga ulikuwa umeingia vizuri sana nikajisahau, na picha za miaka miwili zikaenda na hiyo simu. Nililia picha kuliko simu. Tangu hapo kwa matatu dirisha linafungwa kwanza, alafu nabandika lensi kwa kioo kabisa, na hiyo ina faida ingine, mng'ao wa kioo unaisha.

Kwa barabara simama mgongo ukiwa kwa ukuta, toa simu, piga mbili tatu, rudisha, ndio uangalie ukiwa ndani ya duka. Usitembee ukiangalia skrini. Usipige ukiwa ukingoni mwa barabara mahali boda inaeza pita karibu. Nenda wawili. Na kila Jumapili ukipata waifai, hifadhi picha mahali pengine nje ya simu. Kila Jumapili, sio siku moja.

Natoka job giza naingia job giza, nitapiga saa ngapi?

Dakika tano za lanchi. Ukienda kununua chapati na madondo, hiyo njia. Na usiku pia ni msimu, jakaranda chini ya taa ya barabara ina rangi yake ya ajabu, na maua kwa lami iliyolowa hayajali ni saa ngapi.

Naishi ghorofa ya tano, dirisha langu linaangalia ukuta.

Huo ukuta unabadilika. Septemba jua linarudi kuupiga, andika saa. Dada mmoja kwa ploti yetu alianza na sufuria nzee akapanda dania kwa dirisha, akawa anapiga kila asubuhi mahali pamoja, siku arobaini. Ukiziangalia zikifuatana unaona mbegu, kajani, mvua kwa kioo, jirani wa ng'ambo ameanika blanketi, dania imejaa, dania imekatwa Jumapili ya wageni. Ni kati ya kazi nzuri nimewahi kuona na hakutoka nje ya mlango.

Picha zangu zote zinafanana, mti, mti, mti.

Umesimama mahali pamoja kwa urefu wako. Chuchumaa. Panda ngazi za flaiova uangalie mti kutoka juu, watu wengi hawajawahi kuona jakaranda kutoka juu. Ingia ndani ya kitu, piga kupitia mlango wa kibanda ama kati ya nguo zimeanikwa. Weka mtu ama baiskeli ama mbwa ndio mti uonekane ukubwa. Alafu subiri. Ukishapata mahali pazuri usiondoke, subiri kitu kipite. Mimi hungoja hadi dakika kumi, mkokoteni unapita, mwanafunzi anapita, mtu anacheka, hapo ndio napiga.

Filta je?

Kidogo. Ukiongeza zambarau sana inakuwa kama rangi ya sabuni na ngozi za watu zinabadilika, zinakuwa za kijivu, na mimi siwezi kubali ngozi yetu iharibiwe kwa sababu ya ua. Nyoosha picha, ongeza mwanga kwa vivuli kidogo, wacha.

Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili, ukituma kawaida inabanwa na ubora unapungua.

Niko Ujerumani, nami naeza fuata haya?

Eeh, kwenu ni Machi hadi Mei na mwanga wa jioni unakaa sana kuliko wetu, utaonewa wivu. Lakini fanya vile vile, steji yako ya basi, duka lako, dirisha lako. Alafu tuma nyumbani. Mamako amechoka na picha za sebule, anataka kuona njia unapitia kwenda kazini na kama miti imeanza kutoa majani.

Mti wa steji yetu umekatwa. Hizi picha nilizopiga zina maana gani sasa?

Pole. Najua hiyo hisia. 2020 wakati wa ujenzi wa barabara ya juu, ile Expressway, miti mingi ilienda, na ule mugumo mkubwa wa Waiyaki Way uliokolewa kwa sababu watu walipiga kelele na kwa sababu picha zake zilizunguka kila mahali hadi Novemba hiyo rais akatoa amri usikatwe. Kwa hivyo kama mti wako bado uko na umesikia maneno ya kukatwa, piga sasa, piga na watu wakiwa chini yake, weka tarehe na jina la mahali.

Kama umeshaenda, usifute hata moja. Jakaranda ya steji yetu ilikatwa miaka mitatu imepita, walikuwa wanapanua barabara. Nilikuwa na picha zake arobaini na moja. Nilichagua moja ya Oktoba, fundi wa viatu yuko chini, meza yake imefunikwa maua nusu, nikaosha mbili. Moja nilimpa. Ameibandika ndani ya kibanda chake kipya ng'ambo ya barabara, imezibwa na selotepu pande zote, na makondakta bado wanaita hapo Jakaranda, abiria mgeni akishuka akiuliza mti uko wapi, fundi anamwonyesha kwa ukuta. Wiki jana aliniita nikipita akaniomba ingine ya kutuma kwa mamake nyumbani, nimeipeleka kuosha leo.